Komeo

Mimi ndiye mweka hazina, kwa hiyo naanza na hesabu:
milioni thelathini na moja, laki nne na ushee,
zimeingia kwa simu, kwa benki, kwa bahasha,
na nyingine ndani ya dumu la asali kutoka Sikonge,
noti zinanata, karani akazifuta moja moja
akinitazama kama aliyekamata mwizi wa mizinga.

Tulikutana Tabora, sisi tuliomaliza mwaka wa sabini na tisa.
Treni ilichelewa saa sita; hilo halijabadilika.
Tumpale aliteremka na mkongojo, Adelfina na wigi,
Zuhura akasema, "Jamani, tumekuwa bibi zetu,"
tukacheka pale pale stesheni
hadi mchukuzi akatua mizigo, akakaa juu yake.

Adelfina alitaka ukumbi: dari ya mninga,
pazia la jukwaa jekundu kama lile la zamani,
na jiwe la marumaru lenye majina yetu, kwa alfabeti
(jina lake, ona, linaanza na A).
Tumpale alitaka kinanda.
Mimi nilitaka paa, maana bweni la Igombe lilivuja
tangu sisi tumo ndani, tukibanana wawili wawili
kitandani kwa asiyenyeshewa.

Mkuu wa shule alitusikiliza mpaka chai ikapoa.
"Kabla hamjapiga kura," akasema,
"waulizeni wanaolala humo."
Akaitwa binti wa kidato cha pili, Mbuke,
soksi moja imelegea.
Unataka nini, mwanangu? Sema, usiogope.
Akavitazama viatu vyake.
"Makomeo."
Nini?
"Makomeo ya milango. Bafuni. Na kule chooni."

Nje mtu akagonga kengele,
kile kile kipande cha reli kilichotuamsha sisi,
na hakuna aliyejifanya hakuelewa.

Miaka minne nilimshikia Nyamizi mlango,
naye akanishikia mimi. Saa kumi na moja alfajiri,
ndoo moja, kandambili tatu kwa watu wawili,
mgongo wangu kwenye ubao, baridi ya Juni ikiuma visigino,
yeye ndani anakariri kemia kwa sauti
ili nijue bado yupo, nisichoke, nisiondoke.
Kemia yote niliyofaulia niliisikia kupitia ubao ule.
Na siku za mwezi, ambazo hatukuwa na jina lake,
alisema tu, "Leo shika vizuri,"
nami nikashika.

Nyamizi hayupo. Uzazi wa tatu, Urambo, themanini na nane.
Kila mwezi naingiza elfu ishirini kwa jina lake,
na katika wote wanaolikagua daftari langu
hakuna aliyewahi kuuliza.

Basi. Fundi Maganga alinunua makomeo arobaini na nane
duka la Isevya, ya chuma, akapunguziwa matatu.
Adelfina alisema fedha ya jiwe iende kwenye tangi la maji;
alisema bila kutabasamu, na siku mbili hakuongea nami.
Paa tumeezeka nusu. Nusu ya pili, mwakani,
Mungu akitupa uhai na treni.
Kinanda, Tumpale bado anakidai.

Siku ya kukabidhi, hotuba zikiendelea,
nilitoroka, kama zamani, nikapita nyuma ya jiko.
Rangi mpya ilinukia. Nikaingia bafuni,
nikasukuma komeo. Likalia: *ka*.
Sauti ndogo, kama mtu anayemeza mate.
Nikasimama mle, mwanamke wa miaka sitini na mitatu,
peke yangu, mlango umesimama wenyewe,
hakuna mgongo wa mtu upande wa pili,
na mdomo wangu ukaanza bila kuagizwa:
haidrojeni, heliamu, lithiamu...

Mtu akagonga. "Kuna mtu?"
"Tupo," nikasema.
Kisha nikavuta komeo.